Buloni Katika Pindo la Kitenge

Mume wangu Gaspard alikufa Jumanne, saa nne za asubuhi, akiwa ameomba uji. Uji nilimpikia. Nilipofika nao hakuwa na haja nao tena. Nikaweka kikombe juu ya kiti, nikakaa kando yake, na baada ya muda nikajikuta ninaunywa mimi. Watu wakiniuliza nilijisikia namna gani siku ile, jibu niko nalo moja tu: ulipungua sukari.

Gaspard alikuwa fundi wa magari hapa Kimanga, mjini Uvira, kwa miaka thelathini na nane. Magari ya watu aliyatengeneza yakapona. La kwake mwenyewe, kamyoneti ya kijani, pikapu iliyozeeka kuliko padri wetu, alilitengeneza kila Jumapili baada ya misa na halikupona hata siku moja. Nilikuwa ninaliita mbanda wangu, maana yake mke mwenzangu. Mwanaume akilala chini ya mwingine zaidi ya anavyolala kando yako, huyo mwingine utamwita nani?

Mimi nilikuwa ninasimama pembeni, ninampa vyombo. Kle, yaani spana, ya kumi, kle ya kumi na mbili, nyundo, kitambaa. Niliacha shule darasa la tano, kitabu cha fundi siwezi kukisoma. Lakini masikio hayaendi shule. Gari likipita barabarani ninajua linaumwa wapi, kama vile mama mkunga anavyojua mimba kwa kumtazama mtu anavyoshuka ngazi.

Wiki mbili kabla ya kifo chake, alifungua kapo, kifuniko cha injini, akaniita.

"Mama Toussaint, kuja uone mbanda wako."

Radiateri, lile sanduku la maji linalopoza injini, linashikwa kwa juu na vipande viwili vya chuma, kimoja huku na kimoja huku. Mafundi wanaviita sipori. Sipori ya kushoto ilikuwa imepoteza buloni yake, yaani bolti, njiani, nani ajue wapi. Chuma kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Gaspard akakifunga kwa waya.

"Hii waya ni ya kufika soko tu," aliniambia. "Muntu akikwenda nayo kwenye mashimo itakatika. Radiateri itaegemea nyuma, panga za vantilateri, ile feni, zitaanza kuikwangua, mpira wa maji utachomoka, njo mwisho wa safari. Kesho nitatafuta buloni."

Kesho yake aliitafuta na akaipata. Kesho kutwa akaanguka, asiinuke tena kitandani. Siku ile aliyokufa, nilipokuwa ninafua suruali yake ya kazi (usiniulize kwa nini nilifua suruali ya marehemu, mikono ilitaka kazi), niliikuta mfukoni. Buloni moja mpya na ekru, nati yake, bado ina mafuta ya dukani. Nikaifunga kwenye pindo la kitenge, mahali ambapo wanawake wengine wanaficha hela na mimi ninaficha bonbon za kumung'unya.

Jumatano akafika shemeji Herménégilde, kaka yake mkubwa, kutoka Rurambo kule milimani. Ni katekista, mfugaji wa ng'ombe, mrefu kama mlingoti wa simu. Alisalimia, akasali, akakaa, akasema:

"Mudogo wangu atalala Rurambo. Karibu na baba, karibu na mama."

Nikasema, "Shemeji, makaburi ya hapa yako karibu. Nitakuwa ninakwenda kumuona na mguu, na fimbo yangu."

"Weye njo bibi yake, tunakuheshimu. Siye njo ukoo wake. Vijana wako Sange kesho, wanatungojea na tipoyi."

Gari halipandi mpaka Rurambo. Barabara kuu inakuacha Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, na kutoka pale maiti anapanda mlima juu ya tipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani.

"Na minye?" nikauliza. "Haya magoti yananishinda kwenye ngazi za kanisa."

"Utabakia Sange, kwa mama Inamahoro, muntu wetu pale. Utapumzika."

Basi, hapo ndipo shida yangu yote ilipokuwa. Mume niliyekaa naye miaka arobaini na moja nitamwona mpaka kona ya kwanza ya mlima, halafu kwisha. Sitaona shimo, sitaona udongo, sitajua kichwa chake kimeelekea wapi. Mtoto wetu Toussaint yuko Kalemie na boti haikupatikana, kwa hiyo hata yeye hatanisimulia.

Nikasema, "Bon, sawa."

Sikulia. Watu walikuwa wananitazama kama nitalia, na mimi pia nilikuwa ninangojea nione. Hakuna kilichokuja. Wifi yangu Generose, dada yao, akanisogelea sikioni.

"Wifi, lia hata kidogo. Watu wanaangalia."

"Lia yangu na yako, nitakurudishia kwenye kilio chako."

Akanuna. Halafu wakaanza kuulizana watapata wapi gari la kupeleka sanduku la maiti. Nikasikia sauti yangu inasema, "Apelekwe na gari yake mwenyewe." Wakatikisa vichwa, wakafuta macho. Walidhani ni mapenzi. Labda mapenzi yalikuwemo. Lakini waya nayo ilikuwemo.

Alhamisi asubuhi tukaondoka. Wengine wote walitangulia na basi. Kwenye gari tulikuwa wanne wazima na mmoja amelala. Mbele Chadrack, mkwe wa Herménégilde, ameshika usukani. Ni mwalimu wa shule, anajua kuendesha; kwake kapo ni kifuniko cha kuzuia mvua. Kando yake Herménégilde na rozari. Nyuma ni mimi na Generose, juu ya mkeka, sanduku katikati yetu limefungwa na kauchu, zile kamba zinazokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Tawi la mgazi, mti wa mawese, limefungwa mbele ili watu wajue tumebeba nini. Wapita njia walivua kofia. Mimi niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa vyeusi vyote, lakini havikuwa pea moja.

Kavimvira tulipita salama. Kiliba tulipita salama. Mashimo yalikuwepo, na waya ilishika. Nikaanza kumkasirikia Gaspard: hata waya yake ya kufika soko ilikuwa ya nguvu kuliko buloni za wengine. Tulipovuka Runingu tukaingia kwenye shimo moja, sanduku likaruka, Generose akapiga kelele, na chini ya kelele yake nikasikia mimi: krrr. Krrr, krrr. Panga zinakwangua radiateri.

Nilikuwa na nafasi ya kugonga bati na kusema simameni. Mkono ulikuwa karibu kabisa na bati. Nikautuliza juu ya kitenge.

Baada ya kilomita mbili moshi mweupe ukatoka mbele, gari likatetemeka, likazimika. Chadrack akafungua kapo, akarudi nyuma kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Akapiga ufunguo: hakuna. Akangoja, akapiga tena: hakuna.

Kwetu gari la maiti likisimama njiani hakuna anayemtafuta fundi. Kila mtu anajua. Marehemu anakataa. Kuna neno halijasemwa, na gari halitasogea mpaka lisemwe.

Herménégilde alishuka polepole. Akavua kofia, akagonga sanduku mara tatu.

"Gaspard, mudogo wangu. Tumekukosea nini?"

Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Gari la mihogo likapita, likapunguza mwendo, dereva akajichora msalaba.

"Kila muntu aseme yake," Generose akasema. "Tutaoza hapa pamoja naye."

Chadrack akaanza, maana ndiye aliyekuwa na ufunguo mkononi. "Baba mudogo, ile kriki yako niliyoazima mwaka jana... Haikuibiwa. Iko kwangu. Ninainulia kitanda, mguu moja ulivunjika."

Nilikuwa nimeitafuta kriki ile, jeki ya kuinulia gari, mpaka kwa majirani. Nilimwapiza fundi mmoja asiye na kosa.

Generose akafuata. "Kaka, minye njo nilisema kule Rurambo kwamba huyu muke alikupa dawa, ndiyo maana haupandi kutusalimia. Nilimuambia kila muntu. Unisamehe."

"Dawa gani hiyo, wifi?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Sijui. Dawa."

"Ilikuwa samaki, mukeke wa kukaanga. Andika, ukamuambie na daktari."

"Shemeji, nyamaza," Herménégilde akasema, lakini si kwa ukali. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya sanduku. Alikaa vile muda mrefu, mpaka nikafikiri anasali. Halafu akaongea chini, kama muntu anayeongea na aliyelala na hataki kumwamsha.

"Siku mama alikufa, nilikutumia mujumbe siku ya tatu. Unajua. Ulifika mama ameshazikwa. Nilikuambia mujumbe alipotea njia." Akapangusa vumbi juu ya sanduku. "Hakupotea njia. Nilimuchelewesha minye. Mama alipokuwa anaumwa alikuwa anaita jina lako tu. Minye njo nilikuwa ninamuosha, minye ninamulisha, anasema: Gaspard amefika? Nikasema, basi asimuzike. Ulirudi Uvira na haukupanda tena. Miaka makumi mbili na tatu."

Generose akaziba mdomo. Chadrack akatazama mbali, kwenye mashamba ya mpunga.

Mimi niliijua ile siku kwa upande mwingine. Nilimwona Gaspard anarudi kutoka mlimani, viatu mkononi. Aliingia chini ya gari, akatoka kesho yake. Alisema tu, "Sikuona hata udongo ukiwa mbichi." Tangu siku ile, ukimtajia Rurambo, anakuomba kle. Nilidhani hapendi baridi.

Neno lile lingenigusa siku nyingine. Siku ile lilipita kama gari la mihogo.

"Kama haupendi kwenda kwetu," Herménégilde akasema, anafuta uso na kofia, "nitakuelewa. Tutakurudisha Uvira. Ulale karibu na bibi yako. Chadrack, washa."

Sasa fikiri: maungamo matatu na sala mbili, injini inapoa. Chadrack akamimina maji ya bido, lile dumu lililokuwa nyuma, akapiga ufunguo, na mbanda wangu akaitika mara moja, kama muke anayejua ameshinda.

"Imekubali!" Chadrack akaruka.

"Amekubali," Generose akamsahihisha.

Wakageuza gari. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilingoja nifurahi. Kitu pekee nilichosikia ni kwamba mguu wa kushoto umekufa ganzi. Nikaupiga ngumi. Haukuitika.

Lakini muntu akimfunga mbuzi na kamba iliyokatika asishangae. Karibu na Kiliba, kwenye mashamba ya miwa: krrr. Krrr. Moshi. Gari likasimama.

Sasa hii marehemu anataka nini? Rurambo hataki, Uvira hataki. Herménégilde alishuka, akasimama na mikono chini. Nilimwona anatafuta dhambi nyingine ndani yake na haioni. Chadrack akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna na nyundo pia. Haikusaidia.

Generose akageuka, akanitazama. Polepole, kama mlango mzito.

"Muntu moja hajasema."

"Generose," kaka yake akasema.

"Hajalia na hajasema! Tumesema wote. Yeye anakaa na mume wake kama anakaa na gunia ya mihogo. Gaspard anakataa kila mahali kwa sababu aliyemuua iko hapa pamoja naye!"

Neno kama lile halirudi mdomoni. Watu wawili waliokuwa wanakata miwa waliacha kukata. Mwanamke mzee, mjane, macho makavu, gari la maiti limesimama mara mbili: najua wanawake waliochomewa nyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilipaswa kuogopa. Niliona tu kwamba mmoja wa wale wakata miwa alikuwa amevaa fulana iliyogeuzwa ndani nje.

"Nisaidie nishuke, Chadrack," nikasema. "Nina langu la kusema."

Nikaenda mbele, nikagonga kapo mara tatu, kama Herménégilde alivyogonga sanduku.

"Gaspard, baba Toussaint. Waya yako ilikatika. Nilijua itakatika. Niliisikia Runingu, nikanyamaza. Fungua, Chadrack."

Akafungua. Nikamwonyesha. Waya imekatika, ncha zake mbili zinaangaliana, sipori imeinuka, radiateri imeegemea nyuma kama mlevi kwenye bega la rafiki, panga zimechora nusu duara linalong'aa, mpira wa juu umechomoka. Wote watatu wakainama kutazama, hata Generose.

Nikafungua pindo la kitenge. Bonbon mbili na buloni.

Herménégilde aliitazama ile buloni kama ninavyofikiri alitazama hostia yake ya kwanza.

"Chini ya kiti kuna boksi yake," nikamwambia Chadrack. "Leta kle mbili za kumi na tatu. Na ukate kipande ya kauchu, pale nyuma."

"Ile imefunga sanduku, bibi."

"Hataanguka. Ametulia kuliko siye."

Nikasimamisha radiateri kwa mkono, nikaisukuma mbele mpaka ikaachana na panga, nikaishikilia pale. Nikakunja kipande cha kauchu chini ya sipori, ili chuma kisigongane na chuma. Buloni juu, ekru chini. Mwanzo Chadrack alikaza kama anayenyonga jogoo.

"Taratibu! Utaipasua sipori. Kaza mpaka ikatae, kisha uongeze robo. Njo mwenyewe alivyokuwa anasema."

Akaongeza robo. Nikatikisa chuma. Hakikucheza. Turudishe mpira wa maji, tukaze mkanda wake, wakata miwa walete maji ya mfereji: yote hayakufika nusu saa. Yule wa fulana iliyogeuzwa alishika mwenyewe bido.

"Bibi," Chadrack akasema, "mkono wako. Hiyo kitu iko moto."

Nikatazama kiganja. Kilikuwa chekundu, ngozi imeanza kuinuka. "Basi imekuwa moto," nikasema. Sikuwa nimeusikia.

Herménégilde alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, magoti yake marefu karibu na masikio. Nikaenda nikakaa kando yake. Kukaa kulinichukua muda.

"Kwa hiyo," akasema, "nimetoa siri ya miaka makumi mbili na tatu kwa sababu ya buloni."

"Ndogo, shemeji. Kama kidole gumba."

Alitoa sauti puani. Sijui kama ilikuwa kucheka.

"Weye ulikuwa unataka tumurudishe."

"Nilikuwa ninataka nione mahali anaingia. Sasa gari imepona, inaweza kwenda kokote. Weye njo mukubwa. Sema."

"Yeye mwenyewe alisema nini? Alitaka kulala wapi?"

Pale uongo ulikuja wenyewe, umevaa vizuri, umechana nywele. Nani angenipinga? Niliutazama ukipita.

"Aliomba uji," nikasema. "Kaburi hakuomba."

Mbele yetu miwa ilikuwa inasugua majani. Herménégilde aling'oa jani moja, akalipasua katikati.

"Yeye hakumuona mama akiingia kwenye udongo," akasema mwishoni. "Minye njo nilimuzuia. Na leo nilikuwa ninakuacha Sange." Akasimama, akanipa mkono. "Anapaswa kwenda kwa mama yake, shemeji. Hiyo deni ni yangu, nisipoilipa nitakufa nayo. Lakini nitafanya tipoyi mbili."

"Mbili?"

"Moja ya kwake, moja ya kwako."

"Wanaume wa Rurambo wanibebe minye? Mzima?"

"Uko na kilo ngapi?"

"Shemeji, muntu hamuulizi mjane."

Ndivyo nilivyopanda Rurambo, mimi Mama Toussaint, juu ya mabega ya wanaume wanane waliokuwa wanapokezana, nimekaa kwenye kiti cha mama Inamahoro kilichofungwa kwa kauchu juu ya miti miwili, kama mzungu wa Ubelgiji zama za bibi yangu. Tipoyi ya Gaspard mbele, yangu nyuma. Watoto walikimbia kutuangalia, hawakujua yupi ni maiti. Niliwapungia mkono ili kusaidia. Generose alitembea kando yangu njia yote, ameshika mguu wangu wa kushoto nisiteleze. Kwenye kona moja aliniuliza, "Ule mukeke, ulikuwa unaukaanga na nini?"

Nikamwambia. Na mimi pia nina la kumsamehe, lakini nitalifanya nikiwa na nafasi.

Kule juu ni baridi kweli. Nilikaa ukingoni mwa shimo, karibu kabisa. Niliona udongo ulivyo, mwekundu kwa juu na mweusi kwa chini. Niliona kichwa kimeelekea kaburi la mama yake, mita moja na nusu, nilihesabu hatua. Ilipofika zamu yangu ya kutupa udongo, nilitupa udongo pamoja na vile vipande viwili vya waya nilivyoviweka kwenye pindo badala ya buloni. Nikamwambia kimoyomoyo: ilifika mbali kuliko soko.

Sitarudi pale. Magoti hayarudi, na tipoyi haipandishi muntu mara mbili. Kaburi nililotaka ni la kwenda kwa mguu. Nililopata ni la kuona mara moja. Nimeliona.

Tulipokuwa tunateremka kesho yake jioni, kona ya tatu au ya nne, Sange ikaanza kuonekana chini, mabati yake na barabara, na kamyoneti ya kijani kando ya soko, ndogo kama buloni. Hapo kiganja kikaanza kuuma. Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka kwenye kiwiko. Kijana aliyebeba tipoyi yangu kwa mbele akageuka.

"Bibi, unalia?"

"Ni mukono," nikamwambia. "Angalia njia."